Barazani Kwetu: Barua Kutoka Punjab



Ukurasa huu umezoea kuzungumzia madrasa ya watoto, michango ya mazishi, na namna ya kufunga na kufuturu katika nchi ambayo jua lake la kiangazi halitui upesi. Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya sinema ya Kihindi. Twajua wako watakaocheka, na wako watakaokunja uso. Twawaomba wote watuvumilie hadi mstari wa mwisho, kwani hatukukusudia kuisifu sinema. Sinema imetutia jambo moyoni, na jambo hilo lawahusu mabinti zetu.

Mapenzi ya watu wa pwani yetu kwa picha za Kihindi si ya jana. Wazee wetu walijazana katika majumba ya sinema ya Unguja na Mombasa tangu miaka ya 1950, na waliotoka humo walitoka na nyimbo midomoni bila ya kujua neno la Kihindi. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa alizichukua lahani za Kihindi akazivika mashairi ya Kiswahili, na katika arusi zetu watu wakatunza pesa kwa lahani iliyozaliwa Bombay. Kwa hiyo tulipohamia huku Uingereza, tukaona duka la Muhindi lenye rafu za kaseti za vidio, hatukujiona wageni. Jumamosi tulikodi kaseti mbili, ikapita nyumba hadi nyumba, na Jumatatu ikarudishwa ikiwa imechoka.

Katika kaseti hizo iko moja ambayo hakuna nyumba haikuingia, nayo ni Dilwale Dulhania Le Jayenge. Tafsiri yake ya karibu ni kuwa wenye moyo ndio watakaomchukua bibi arusi. Ilitoka Oktoba 1995, ikiongozwa na Aditya Chopra, kijana ambaye hiyo ndiyo ilikuwa sinema yake ya kwanza, na kutolewa na kampuni ya baba yake, Yash Chopra. Stelingi wake, kama tulivyozoea kumwita, ni Shah Rukh Khan, na pamoja naye Kajol. Muziki ulitungwa na ndugu wawili, Jatin na Lalit, maneno yakaandikwa na Anand Bakshi, na sauti ni za Lata Mangeshkar, Asha Bhosle, Udit Narayan, Kumar Sanu na wenzao. Ilipata tuzo 10 za Filmfare. Katika jumba la Maratha Mandir mjini Mumbai iliendelea kuonyeshwa mwaka baada ya mwaka, na Desemba 2014 ikatimiza wiki 1,000 katika jumba hilo moja. Mtoto aliyezaliwa siku ilipoanza, siku hiyo alikuwa mtu mzima wa miaka 19.

Wengi wetu twaikumbuka kwa shamba la haradali lenye maua ya manjano, kwa milima ya Uswisi, na kwa garimoshi la mwisho. Sisi nasi tulikuwa hivyo. Hata juzi, katika siku za mapumziko ya Idi, jamaa walipokusanyika nyumbani na chakula kikaisha kuliwa, vijana wakaifungua upya katika televisheni. Wazee tukakaa kwa ajili ya kukumbuka ujana. Muda wake ni zaidi ya saa 3, na kabla ya saa ya kwanza kwisha tulikuwa tumekwisha kuona kuwa sinema tuliyoitazama zamani siyo hii. Zamani tulimtazama kijana na binti. Safari hii tulimtazama baba.

Baba huyo katika kisa anaitwa Baldev Singh, na ameigizwa na marehemu Amrish Puri. Ni Mpunjabi aliyeishi London zaidi ya miaka 20 na ana duka lake. Sinema yaanza naye asubuhi katika uwanja wa Trafalgar Square, akiwatupia njiwa punje, akijilinganisha nao, kwamba na yeye ametua palipo na riziki tu. Hapo ndipo uingiapo wimbo wa kwanza, Ghar Aaja Pardesi, ulioimbwa na Pamela Chopra na Manpreet Kaur. Huo ni wito wa kumwita aliye ugenini arejee kwao. London ya baridi yaondoka machoni pake, na Punjab yenye jua na mashamba yaingia.

Ndugu msomaji, nani katika sisi asiyeujua wimbo huo hata kama hakuusikia? Kila mmoja wetu anao wake. Mwengine wake ni harufu ya karafuu zilizoanikwa barabarani, mwengine ni adhana ya alfajiri ya msikiti wa mtaani kwao, mwengine ni sauti ya mama yake akimwita mwuza maandazi. Tumesimama katika vituo vya mabasi vya nchi hii, theluji mabegani, na wimbo ukatupigia ndani ya kichwa. Kwa hiyo tulipomwona Baldev Singh na njiwa zake tulimpenda, tukasema huyu ni mwenzetu.

Kisha ikaja barua. Yatoka Punjab, kwa rafiki yake wa ujanani. Baldev aifurahia kama mtu aliyeletewa udongo wa kwao. Amwita binti yake mkubwa, Simran, amsomee. Binti asoma salamu na habari za nyumbani kwa sauti nzuri, mpaka afikapo mahali ambapo rafiki amkumbusha Baldev ahadi yao ya zamani, ya kuwa Simran ataolewa na mwanawe Kuljeet. Simran hakuwahi kumwona Kuljeet. Sauti yakatika, barua yamtoka mkononi, naye akimbilia chumbani. Baba acheka kwa furaha! Asema binti ameona haya. Kisha ajisifu mbele ya mkewe kuwa hakushindwa, kwamba katikati ya London ameihifadhi India ikiwa hai ndani ya nyumba yake.

Hapo mjukuu wetu, msichana wa miaka 13, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, hali akimenya chungwa: "Babu, sasa alimwuliza saa ngapi?"

Hakuna aliyemjibu. Sinema ikaendelea. Lakini sisi tunaoandika ukurasa huu hatukuona vizuri kilichofuata, na sababu yake tutaieleza, ingawa si jambo la kujivunia.

Miezi kadhaa kabla ya Idi hiyo, ndugu yetu aliyebaki nyumbani alitupigia simu. Alimtaka binti yetu mdogo kwa mwanawe. Kijana twamjua kwa jina na kwa picha, na mara ya mwisho kumwona alikuwa mtoto wa chuoni mwenye juzuu kwapani. Tulifurahi mno. Tulijiona kuwa kamba iliyokuwa ikilegea baina yetu na kwetu imefungwa upya. Tulimwita binti tukamwambia: "Ami yako amekutaka kwa mwanawe, nasi tumeona ni kheri." Alinyamaza, akainama, akatoa vikombe vya chai mezani na kuingia jikoni. Nasi tukamwambia mama yake maneno yale yale ya Baldev Singh, kwamba mtoto ameona haya. Usiku huo huo tukamjibu ndugu yetu kuwa hapana tatizo. Sasa mbele yetu alikuwa mtu mwengine, wa dini nyengine, akiyatenda matendo yetu hatua kwa hatua, na mtoto wa miaka 13 ameiona kasoro kabla ya chungwa kwisha.

Wasomaji wetu wanaijua hadithi ambayo sote huitegemea katika jambo hili, imepokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa bikira haozwi mpaka atakwe idhini, na masahaba walipouliza idhini yake itakuwaje naye ni mwenye haya, akawajibu kuwa ni kule kunyamaza kwake. Neno hili la mwisho twalihifadhi sana sisi wababa. La mwanzo twalisahau. Kunyamaza kuliofanywa idhini ni kunyamaza kwa aliyeulizwa. Ama aliyepewa habari tu, kunyamaza kwake kwaweza kuwa haya, kwaweza kuwa hofu, kwaweza kuwa kilio ambacho hakikupata mahali pa kutokea. Simran hakuulizwa. Alisomeshwa hukumu yake mwenyewe kwa sauti yake mwenyewe, na kimya chake kikahesabiwa kuwa ndiyo.

Bukhari amepokea pia kisa cha Khansaa bint Khidaam, mwanamke aliyekwisha kuolewa kabla, ambaye baba yake alimwoza kwa mtu asiyemtaka. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) naye akaivunja ndoa ile. Na Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Abbas habari ya msichana bikira aliyelalamika kuwa baba yake amemwoza hali amechukia, naye Mtume (S.A.W.) akampa hiari. Wako watakaotukumbusha, na ni haki yao, kwamba wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu twayafuata, wamempa baba mamlaka makubwa juu ya binti yake bikira. Ni kweli. Lakini wanazuoni hao hao wameweka masharti: pasiwe na uadui wa dhahiri baina ya baba na binti, mwanamume awe kufu yake na aweze kulipa mahari. Juu ya hayo wakasema ni sunna kumtaka idhini. Mamlaka ya walii ni amana ya kumlinda binti, naye ndiye wa kwanza kuulizwa kama alindwa au adhulumiwa.

Turudi katika kisa, kwani yaliyofuata yana mazingatio. Simran amwomba baba yake mwezi mmoja wa kusafiri Ulaya na rafiki zake, auishi huo kwa furaha kabla ya kupewa mtu asiyemjua. Baba akubali. Safarini akutana na Raj, mtoto wa tajiri, mzaha mwingi na masomo machache. Garimoshi lawaacha, wakasafiri wawili peke yao. Hapa hatuna budi kusema wazi, kwa kuwa vijana wetu wasoma ukurasa huu: safari ya namna ile, na ulevi ulioonyeshwa humo, si mwendo wetu, na hakuna wimbo mzuri utakaoufanya uwe mwendo wetu. Wala hatusahau kuwa wamo miongoni mwetu wasioona uhalali wa muziki wenyewe, nasi twawaheshimu.

Lakini lahani za sinema hii zimebeba kisa kwa namna ambayo zamani haikutudhihirikia. Wimbo wa baba ni ule wito wa kurudi nyumbani. Binti naye ana lahani yake, ile ya mandolini ambayo Raj huipiga, na ambayo kwayo atambua kuwa kijana amemfuata hadi Punjab kabla hajamwona kwa macho. Lahani mbili hizi zashindana sinema nzima. Baba agunduapo kuwa binti yake amempenda mtu, hamkalishi akamwuliza, bali aihamisha nyumba nzima kwenda Punjab. Wimbo wake wa njiwa waimbwa tena wakati wa kurejea, mtamu vile vile, ila sasa ndani ya garimoshi amekaa msichana ambaye kwake yeye wimbo huo ni mlango unaofungwa. Tuliwahi kuusikia wimbo huo miaka na miaka tukalengwalengwa na machozi kwa ajili ya baba. Hatukuwahi kumtazama binti aliyekaa upande wa pili wa kiti.

Tulifikiri sana juu ya jambo hili baada ya wageni kuondoka. Uchungu wa kwao alikuwa nao Baldev. Ni yeye aliyeondoka, ni yeye aliyeziacha zile konde na wale rafiki. Simran alikulia London. Hakupoteza Punjab, kwa kuwa hakuwa nayo. Lakini deni la kuondoka kwa baba alitakiwa alilipe yeye, kwa mwili wake na umri wake wote. Na huyo Kuljeet, Baldev hakumjua. Alimjua baba yake, alivyokuwa ujanani. Kijana mwenyewe adhihirika kuwa ni mwenye kiburi, asiyemtaka mke kwa ajili ya kumheshimu, na London anaitamani kwa starehe zake. Nchi ambayo Baldev aliihifadhi moyoni ilikuwa nchi ya mwaka aliouondokea. Je, ndugu zangu, sisi kwetu tunakokujua ni kwetu kwa mwaka gani?

Hatusemi kuwa kuoana na jamaa wa nyumbani ni kosa. Ndoa nyingi zilizo njema katika jamaa zetu zimefungwa hivyo, na wengi katika sisi ni matunda yake. Wala hatusemi kuwa kijana akipenda basi wazee wakae kando. Katika sinema yenyewe, mama wa Simran, aliyeigizwa vizuri mno na Farida Jalal, awaletea vijana dhahabu zake awaambie watoroke, na Raj akataa. Asema hatamchukua binti ila kwa mkono wa baba yake. Jambo hilo lilituridhisha wakati ule, na latupendeza hata leo, kwani nasi twaamini kuwa ndoa ina walii. Ila alilolifanya baadaye, la kuificha nia yake na kujipenyeza nyumbani mwa watu kwa hila siku nyingi, halimstahiki mwenye nia njema.

Mama huyo pia amhadithia binti yake alivyoachishwa masomo ili kaka zake wasome, na alivyojiapia siku Simran alipozaliwa kuwa huyu hatanyimwa alichonyimwa yeye. Kisha amwomba amsahau Raj, aitoe furaha yake, kama alivyoitoa yeye. Wanawake waliokuwa sebuleni mwetu walinyamaza wakati wa maneno hayo. Kimya hicho nacho hatukukiuliza maana yake.

Mwisho wa kisa mwaujua. Garimoshi laondoka, baba ameushika mkono wa binti, kisha auachia amwambie aende. Watu huishangilia saa hiyo. Sisi safari hii tuliona kuwa hata hapo Simran bado hajaulizwa. Alishikwa na mkono mmoja, akaachiliwa na mkono huo huo, akapokewa na mwengine. Laiti mkono ule ungelegea siku ya barua, sinema ingekwisha mapema, na pasingekuwa na haja ya kukimbia nyuma ya garimoshi.

Usiku ule tulimwita binti yetu, mama yake akiwapo. Tulimwambia kuwa tumemjibu ami yake kabla ya kumwuliza yeye, na kwamba hilo ni kosa letu. Kisha tukamwuliza. Alinyamaza tena, muda mrefu. Safari hii tuliungoja ukimya ule bila ya kuutafsiri. Hatimaye akasema: "Baba, nilidhani mmekwisha. Sikujua kuwa nina la kusema." Alilolisema baada ya hapo ni lake, nasi hatutaliandika. Twaweza kusema tu kuwa kesho yake tulimpigia simu ndugu yetu, na simu hiyo ilikuwa nzito kuliko zote tulizopiga tangu tuje nchi hii. Alikasirika. Mpaka leo salamu zake ni fupi. Twamwomba Mwenyezi Mungu atupatanishe, na hatujuti.

Kwa hiyo twawausia wenzetu, na twajiusia wenyewe kwanza. Iwapo barua au simu imekuja, msijibu siku hiyo. Mwulizeni binti kabla ya kumjibu mposaji, na mtu wa kumwuliza awe yule ambaye hamwogopi, awe mama, shangazi au bibi. Swali liwe ni swali, si habari iliyovikwa nguo ya swali. Apewe siku za kufikiri na kuswali istikhara. Ajue mapema kuwa akikataa hatakatiwa masomo wala kununiwa. Kijana naye aulizwe, kwani wavulana wetu pia huozwa kwa simu. Na waonane kwa njia ya sheria, mbele ya maharimu, kabla ya tarehe kupangwa. Yafaa mjue pia kuwa tangu Juni 2014 sheria ya England na Wales imefanya kumlazimisha mtu kuoa au kuolewa kuwa ni jinai yenye kifungo hadi miaka 7, na kumhadaa mtu asafirishwe nje ili akaozwe kwa nguvu kumo ndani ya jinai hiyo. Lakini mzazi asingoje sheria ya serikali, hali mafundisho ya Mtume wake (S.A.W.) yametangulia kwa zaidi ya karne 13.

Kaseti yetu ya zamani bado tunayo sandukuni, ingawa mashine ya kuichezea imekwisha kufa. Ghar Aaja Pardesi tungali twaupenda. Binti yetu akiusikia kutoka jikoni siku hizi hutucheka, akasema: "Baba na njiwa zake."

Mwenye maoni, au mwenye kuona tumekosea, atuandikie kwa anwani ya jarida, nasi tutayachapa mwezi ujao, Inshallah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.